Paa Waliloling'oa Wenyewe

Esteri alichaguliwa kuwa mhazini wa kanisa dogo la Kumsenga kwa sababu moja tu: hakuwa na haya ya kudai. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na godoro moja na kuku wawili, yeye akakulia kwenye gulio akiuza maharage, na gulio la Kibondo halimlei mtu mwenye haya. Mzee akiahidi debe la mahindi Jumapili, Jumatatu asubuhi Esteri yuko uani kwake anasubiri. Watu walimkwepa njiani, wakamsengenya kisimani, na kila uchaguzi ulipofika wakamchagua tena.

Fedha taslimu ilikuwa adimu pale. Watu walitoa walichonacho: ndizi, mihogo mikavu, mayai, kuku. Ibada ikiisha, Esteri alisimama mlangoni akavinadi. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kutoka Mbeya aliwahi kununua mkungu wa ndizi kwa bei ya mbuzi, maana alikaziwa macho mbele ya wanafunzi wake. Kwa mtindo huo, bati moja moja, mwaka hadi mwaka, kanisa likapata paa. Mabati ya mwanzo yalikuwa yameshashika kutu wakati ya mwisho yanapigiliwa, lakini lilikuwa paa. Bibi Ndayikeza, mjane asiye na shamba la maana, alikuwa ametoa kuku wake kila walipoanguliwa, na kila alipoingia ibadani aliinua mkongojo akaonyesha juu. "Lile pale ni langu," alisema.

Ndipo Cleophas, mzee wa kanisa, akarudi kutoka msibani Kasulu na habari za mfadhili.

"Kuna kanisa huko Nyakitonto limejengewa na mfuko mmoja kila kitu, mpaka viti vya plastiki," aliwaambia kwenye kikao. "Walichofanya ni kupigwa picha wakisali juani, basi. Afisa wa mfuko huohuo anakuja kwetu baada ya Pasaka. Akifika hapa ataona nini? Paa! Atasema hawa wameshiba."

Mchungaji Obedi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kumkubalia aliyesema mwisho. Siku hiyo Cleophas alihakikisha anasema mwisho. Akapendekeza mabati yang'olewe, yafichwe nyumbani kwake, afisa akishapita yarudishwe.

Esteri alipinga. Alisema watu walijinyima kwa ajili ya mabati yale, na bati likishang'olewa si bati tena.

"Mama Irakoze," Mchungaji alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "tutanadi mayai mpaka lini? Mungu anatufungulia mlango, wewe unaushikilia?"

Na kweli alikuwa amechoka. Magoti yalimuuma, na ile kazi ya kuchukiwa kwa ajili ya Bwana ilikuwa imemkifu. Wazo la fedha kuja zenyewe, bila yeye kugombana na mtu, lilimlainisha. Akanyamaza, wakaandika kwamba wote wamekubali. Vijana wakapanda na mitaimbo. Bibi Ndayikeza alipouliza kuna nini, akaambiwa ni ukarabati.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Loyce, amevaa raba, ametokea Kasulu alikolala. Cleophas alikuwa amewapanga waumini juani, na Bibi Ndayikeza akawekwa mbele kabisa kwa sababu ya makunyanzi yake. Loyce hakutoa kamera. Aliketi kwenye benchi, akamgeukia Esteri.

"Mama Mhazini, kabla ya kuzungumzia fedha zetu, niambie za kwenu. Ninyi wenyewe mmechangia nini hapa?"

Esteri alimtazama Mchungaji. Mchungaji alitazama viatu vyake. Nyuma yao Cleophas alikohoa.

"Hatujachangia kitu, dada," Esteri alisema. "Watu wetu ni maskini. Hawana cha kutoa."

"Hata kidogo?"

"Hata yai."

Loyce akatikisa kichwa. "Basi mnanisikitisha. Mfuko wetu hauanzishi, unaongezea palipoanzwa. Wale wa Nyakitonto walifyatua matofali yao, wakayachoma wenyewe. Mngekuwa mmeezeka hata upande mmoja, ningekuwa na la kuwasemea."

Kumweleza ukweli sasa kulikuwa kukiri kwamba mhazini amemdanganya mwenye fedha usoni, na nani humkabidhi fedha mhazini wa namna hiyo? Wakampa mgeni soda, akanywa, akaondoka.

Vumbi la gari lake halijatulia, Mchungaji Obedi akasema, "Mama Irakoze, kwa nini hukumwambia tu ukweli?" Kufikia siku ya gulio Cleophas alikuwa ameshalieneza: mhazini ndiye aliyewakosesha kanisa. Esteri alimfuata katikati ya wanunuzi, akamtukana kwa Kiha tusi ambalo halina Kiswahili chake. Lilimpoza kwa nusu saa hivi.

Mabati yalirudishwa yamepinda, matundu ya misumari ya zamani yakiwa wazi, mvua ikawa inaingia hadi mimbarini. Mengine hayakurudi. Yalionekana juu ya banda la nguruwe la Cleophas, na Mchungaji hakuyauliza.

Sadaka nazo zikapungua. Esteri alijua wengine walikuwa na hasira naye, na hilo alilizoea. Lakini Bibi Ndayikeza hakuwa mtu wa hasira, naye alikuwa akija ibadani mikono mitupu, haangalii juu. Siku moja Esteri akamwendea nyumbani. Tetea alikuwa uani na vifaranga wake.

"Bibi, mbona siku hizi hutuletei kitu?"

"Mwana wanje, mwanangu, siku ile nilikuwa nimesimama mbele," bibi alisema. "Nilikusikia ukimwambia mgeni kwamba hatuna cha kutoa."

"Yalikuwa maneno tu, Bibi. Ya kumwambia mgeni."

"Ego, ndiyo, nimeelewa." Bibi hakuwa na ukali wowote, alikuwa kama mtu aliyeelezwa jambo ambalo alichelewa kulijua. "Mimi miaka yote hiyo nilidhani ninacho."

Esteri aliona heri angefukuzwa. Bibi Ndayikeza alimsogezea kigoda, akamkaribisha viazi.