Koti la Shemeji

Watu walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokitundika shingoni, na yeye hakugombana na jina hilo. Aliwahi kuitwa vibaya zaidi. Alikuwa mfanyakazi wa chumba cha giza katika studio ya picha mpaka kila mtu akawa mpiga picha kwa simu yake, na studio ikafungwa. Tangu hapo alikaa nyumbani akisafisha picha za zamani, zenye ukungu na zilizotafunwa na mende, na kujibu swali ambalo kila familia hulileta kama halina uzito: huyu babu yetu alikuwa jeshi gani?

Majibu yake yalikuwa yamekwisha kuharibu sherehe kadhaa. Kuna kepteni mmoja mwenye medali tele aliyegeuka kuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya reli. Kuna kanali ambaye wajukuu walijivunia mtaa mzima, kumbe alikuwa bawabu wa hoteli. "Milango aliifungua mingi," Bi Lenzi aliwaambia, "ila hakuna hata mmoja alioteka." Wajukuu hawakucheka, akacheka mwenyewe.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuanza aliuziba uso wa mtu kwa kipande cha kadibodi. Uso una maneno mengi, alisema. Utakutia huruma, utakubembeleza, mwisho utaona ushujaa pasipo na ushujaa. Nguo haina cha kukuomba. Basi akazoea kuficha uso na kusoma kola, vifungo, mifuko na mishono ya beji. Utaratibu huo aliuamini kama mtu anavyoiamini njia ya kwenda chooni kwake gizani.

Mchana ule picha iliyomngoja haikuletwa kwake. Ilikuwa ukutani sebuleni kwa dada yake mkubwa, na alikuwa ameiona miaka nenda miaka rudi bila kuitazama, kama tunavyofanya na vitu vya nyumbani. Shemeji yake, marehemu, kijana mwembamba ndani ya koti la kijeshi. Bi Lenzi alimfahamu akiwa mtu mzima, mnene, dereva wa lori asiyesema sana.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa shangazi wa kijana aliyetaka kumwoa kitinda mimba wa dada. Shangazi huyo ndiye aliyemlea kijana tangu akiwa mchanga, na neno lake kwao lilikuwa la mwisho. Alikuja kupanga siku ya harusi. Aliketi, akasifu mapazia, akapokea kikombe. Kisha macho yake yakapanda ukutani, na kikombe kikarudi mezani bila kuguswa na mdomo.

"Huyu ni nani?"

"Marehemu mume wangu," dada alijibu.

"Koti hilo nalijua. Wenye koti hilo ndio waliomchukua baba yangu miaka ile ya machafuko, akitoka kazini karakana. Nilikuwa nimemshika mkono. Hatukumwona tena, si mzima wala maiti."

Binti, aliyekuwa akitoka jikoni, alisimama pale pale alipofika.

"Mume wangu alikuwa dereva," dada alisema taratibu. "Koti ni la studio tu. Vijana wote wakati ule walipiga picha hivyo."

"Likiwa la studio, nitakunywa chai hii na kuomba radhi. Lisipokuwa la studio, dada yangu, siwezi kumtoa mwanangu aje kumwita mtu huyo baba mkwe. Hata kama ni wa kaburini." Akamgeukia Bi Lenzi. "Wewe ni mdogo wake, lakini nimesikia umewavua watu ukanali wao mchana kweupe. Niambie kweli. Nitakachosikia kwako nitakishika."

Bi Lenzi aliishusha picha, akaitoa kwenye fremu, akaipeleka dirishani. Vidole vyake vilitoa jasho, jambo ambalo halikuwahi kumpata kwa babu za watu. Alitoa kadibodi mkobani akamziba shemeji yake uso, kisha akainama na kioo chake.

Koti lilikuwa pana. Mabega yalianguka, mikono ilifika kwenye vifundo vya vidole, na kifungo kimoja hakikufanana na wenzake. Beji ya begani ilishonwa kwa mishono mirefu ya mtu mwenye haraka. Moyo ukaanza kumtulia. Koti la namna hiyo hata studio yao walikuwa nalo, pamoja na bunduki ya mbao; mteja mwembamba walimbana kwa pini mgongoni, akatoka jemadari. Askari wa kweli, alijua yeye, hupimwa kabla ya kuvishwa koti.

"La studio," alisema.

Shangazi alijifunika uso kwa viganja akalia, halafu akacheka huku analia. Alimshika dada mkono, akamwomba radhi, akanywa chai yote kwa mkupuo ingawa ilikuwa imepoa. Binti alirudi jikoni karibu akimbie. Furaha ikaingia nyumbani mle, na Bi Lenzi akajiona mtu mwema kuliko kawaida yake.

Kisha shangazi akafungua mkoba wake na kutoa picha ndogo iliyofungwa kwenye nailoni. Mwanamume mwenye ovaroli, akitabasamu kwa shida.

"Baba yangu," alisema. "Nisafishie, unitolee kubwa. Nataka itundikwe kwa watoto, ubavuni mwa hii ya mkwe. Wazee wao wawili, ukuta mmoja."

Bi Lenzi aliipokea akaiweka mezani kando ya ile nyingine. Akaondoa kadibodi ili airudishe picha ya shemeji kwenye fremu, na macho yakamwangukia usoni.

Paji la uso lilikuwa na rangi mbili. Chini, rangi ya mtu aliyechomwa na jua. Juu, ngozi laini ya mtoto. Na mpaka wenyewe haukunyooka. Ulianzia juu ya nyusi ya kushoto ukateremka kuelekea sikio la kulia, mshazari mmoja. Kikosi kile cha miaka ya machafuko ndicho kilichovaa kofia imelala upande. Studio hukodisha koti, hukodisha kofia na bunduki. Jua la miezi na miezi hailikodishi.

Hapo ndipo alipokumbuka habari aliyowahi kuisikia na kuipuuza, kwamba vijana wa kikosi kile walizolewa haraka haraka na kutupiwa makoti kutoka nyuma ya lori, yawaenee yasiwaenee. Alikuwa amesoma nguo yote sawasawa na kusema uongo.

"Irudishe kwenye fremu, mdogo wangu," dada alisema. Sauti ilikuwa laini. Jicho halikuwa laini. Funika kombe mwanaharamu apite: jicho lile lilisema hivyo, na Bi Lenzi akaelewa kwamba dada yake hakuwa na jambo jipya la kuambiwa.

Alitaka kunyamaza. Alitaka sana. Jikoni binti alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, binti aliyemwita mama mdogo tangu alipojua kusema. Fremu ilikuwa mkononi. Lakini zile picha mbili zililala kando kwa kando mezani, na hakuona ni kwa mikono gani angezitundika.

"Shangazi, nimekosea," alisema. "Niliuziba uso. Tazama paji. Hiyo ni alama ya kofia yao. Alikuwa mmoja wao."

Shangazi aliinama akaufuata ule mpaka kwa kidole. Jikoni wimbo ulikatika. Alipoinuka, aliinuka kama mtu mwenye magonjwa, akaichukua picha ya baba yake na kuelekea mlangoni.

"Kofia ile nilikuwa naifua mimi," dada alisema nyuma yake.

Shangazi akasimama.

"Aliniambia alipokuwa anaugua. Si mimi niliyemuuliza. Alinipeleka akanionyesha walipowafukia wale wa karakana. Nyuma ya kiwanda cha matofali, penye ukuta ulioanguka."

"Miaka yote hii umepajua."

"Nimepajua."

"Na ukanitilia chai."

Dada alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta. "Niliwaogopea watoto wangu. Wewe hukuwa na sura, nilikuwa sikujui. Leo nakujua."

"Nipeleke," shangazi alisema. "Sasa hivi. Harusi sina neno nayo, usiniulize. Nipeleke kwa baba yangu."

Alijaribu kuvaa viatu pale mlangoni. Kishikizo kilikataa kuingia tunduni. Binti alikuja akapiga magoti mbele yake, akakishika kile kiatu na kukifunga. Shangazi aliitazama ile shingo iliyoinama, kisha akasogeza mguu wa pili.