Boss amekopi tangazo langu lote, hadi namba yangu

Aliyenifuta kazi ameniletea wateja leo, na matangazo amelipia yeye mwenyewe.

Wacha niwaambie.

Nilikuwa fundi wa sofa kwa karakana yake hapa Gitothua. Siku moja nikamshauri tufungue websaiti. Akasema namletea ujuaji. Akanifungulia mlango mbele ya mafundi wenzangu: "Ukishatoka hapa, hakuna kurudi."

Sawa.

Nikaanza kutengeneza sofa zangu nyumbani Gatongora, nikafungua websaiti. Juzi nikaandika taarifa ya kuitangaza, zile hutumiwa wanahabari, nikaiweka mtandaoni bure. Kablogu kamoja tu ndiko kaliichukua. Nikashukuru hivyo hivyo.

Leo asubuhi simu imekataa kunyamaza. Mama mmoja wa Kamenu akaniambia, "Nimesoma habari za karakana yenu ya Gitothua."

Yetu na nani?

Nikaitafuta. Boss amechukua taarifa yangu neno kwa neno, akaweka jina lake pale juu, akalipa isambazwe kwa blogu kila mahali.

Pale chini ameacha namba yangu na link ya websaiti yangu.

Mchana akapiga. Sauti ya upole, mpaka nimeitwa madam.

"Madam, saidia tutoe hiyo kitu. Wewe ndio unajua mambo ya mtandao."

"Boss," nikamwambia polepole, "ikishatoka, hakuna kurudi."

"Ai, madam, hayo yalipita." Nikajua amekumbuka ule mlango.

Nyinyi mngemsaidia? Mimi nilikata simu. Kuna mteja wake alikuwa ananingoja.