Kisanduku Kilichonitii

Niliyaivisha mayai ya mama. Sikuyakaanga wala sikuyachemsha. Niliyaivisha yakiwa na vifaranga ndani, wiki ya mwisho kabla ya kutotolewa, kwa sababu nilitaka watoto wa jirani wanipigie makofi. Ujinga wenyewe ndio huo. Nimeutanguliza ili usije ukanipenda katikati halafu ukajuta.

Mayai hayo yalikuwa ya kuku wa bibi. Bibi mzaa mama aliishi nasi hapa kijijini, si mbali na Mkiwa, mpaka alipofariki. Hakuacha vitu vingi. Aliacha kanga zake, redio iliyokufa na tetea mmoja mwenye shingo tupu, ambaye mama yake na bibi yake walifugwa na bibi huyohuyo tangu ujana wake. Aliacha pia utani, na huo niliurithi mimi. Mama alikuwa akiinuka kwenye kigoda kusonga ugali, bibi anakivuta polepole na kukificha nyuma ya mlango. Mama anageuka kukaa, anapapasa hewa, bibi anacheka mpaka anakohoa. "Mama, utanivunja kiuno!" mama analalamika, na bibi kwa mkono wake anakirudisha kigoda palepale jikoni kabla mama hajakaa.

Basi yule tetea, kabla hajaanza kuatamia mayai yake, alitoka kwenda kudonoa alizeti zilizomwagika barabarani, akagongwa na bodaboda. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba akitafuta kuku anayeatamia. Akampata mmoja tu, wa jirani yetu, naye alikuwa amejaza mayai yake mwenyewe. Mama akarudi, akanikuta nimekaa chini na rundo la chaja mbovu ninazookota kwa madereva pale njia panda.

"Wewe si kila siku unachokonoa machaja?" akaniambia. "Haya, chokonoa kitu kitakachoatamia. Ukoo wa kuku wa mama yangu usiishie barabarani."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi ya maana namna ile. Shuleni mimi ni yule anayetumwa kufuta ubao ili anyamaze.

Ndani ya chaja nyingi za simu kuna chipu moja ndogo nyeusi, miguu mitatu, ukiiona utasema transista. Haina akili nyingi. Inajua kitu kimoja tu duniani, volti mbili na nusu. Mguu wake mmoja ukionja chini ya hapo, imelala. Ukionja juu ya hapo, inaamka na kupitisha umeme. Uzuri wake ni kwamba wewe ndiye unayepanga, kwa rezista zako, vile vipande vya kupunguza umeme, ni lini hizo mbili na nusu zitafika kwenye huo mguu. Nilitumia chipu mbili. Moja ilishika umeme wa betri ya sola usipandepande jua likiwa kali. Ya pili ndiyo ilikuwa mwamuzi. Niliiunganisha na kipande kinachohisi joto, kidogo kama dengu, nilichokitoa kwenye betri mbovu ya kompyuta, na volyumu ya redio ya bibi. Joto likifika nilipopanga, chipu inaamka, inavuta swichi ndogo ya sumaku inayokata umeme wa balbu, balbu inazimika. Likishuka, balbu inawaka. Balbu nilipewa na yule yule wa bodaboda, alikuwa bado anatembea na aibu usoni.

Tatizo, joto la kuku ni kiasi gani? Sikuwa na kipimajoto. Nikaona nisijisumbue na vitabu, nimuulize kuku mwenyewe. Nikaenda kwa jirani na mzigo wangu wa waya, nikamsalimia, "Shikamoo mama," nikamweleza. Akanitazama kama mtu aliyeanza kuugua.

"Unataka kumpima kuku wangu homa?"

"Kidogo tu, mama."

"Akikutoboa jicho usije kulia hapa."

Nikaingiza ile dengu chini ya tumbo la tetea wake. Alinidonoa vidole, kiganja, na sikio lililokuwa limekaa vibaya. Nilisubiri, kisha nikazungusha volyumu taratibu mpaka balbu ikazimika. Hapo ndipo penyewe. Nikachukua rangi ya kucha ya mdogo wangu wa kike, yule wa darasa la pili, nikapiga alama nyekundu. Kuku wa jirani ndiye aliyepanga chipu yangu, mimi nilishika waya tu.

Ikafanya kazi, bwana! Mayai kwenye boksi la mbao, kopo la maji pembeni, balbu inawaka na kuzimika yenyewe. Mama aliyamulika kwa tochi ya simu, akaona vivuli vikicheza ndani. Akaanza kusimama kwenye boksi kila akipita, hata kama hana safari ya upande ule.

Halafu ikaja Jumapili, baada ya ibada. Watoto walijaa uani, mdogo wangu akijisifu kwamba kaka yake ana kisanduku chenye masikio. Uongo huo nilimfundisha mimi. Nikasimama mbele ya boksi, mkono mmoja juu kama mhubiri, mwingine nyuma ya ubao kwenye volyumu.

"Zima!" Nikazungusha. Balbu ikazimika.

"Washa!" Ikawaka.

"Mwambie tena! Mwambie tena!" Walipiga makofi, wengine wakapiga magoti kabisa. Nilikuwa nimefikia "Washa!" nyingine, volyumu nimeikaza mpaka mwisho, mama akaniita mbele: mjomba amefika, njoo usalimie. Nikakimbia. Nikatoa shikamoo, nikapewa muwa, nikaitwa mpirani, nikaenda.

Niliporudi jua lilikuwa linazama. Nilifungua boksi, joto likanipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Nikashika yai moja, nikaliachia. Balbu ilikuwa inawaka bado. Chipu haikukosea hata kidogo. Iliambiwa isubiri joto ambalo hakuna kuku duniani analo, ikasubiri.

Nikarudisha volyumu kwenye alama nyekundu. Nikafunga. Nikaingia ndani na siri yangu.

Usiombe kuishi siku kama zilizofuata. Mama alisaga mtama mlaini wa vifaranga. Alishona kipande cha kanga ya bibi kwenye kikapu wasipate baridi. Alikuwa anaweka sikio kwenye boksi na kuniambia, "Nadhani nimesikia kitu," nami najibu, "Labda, mama." Mimi, mtu wa maneno, nikawa sina hata mzaha mmoja. Akadhani naumwa, akanipa ukoko wote wa chungu.

Siku ya kutotoa ikapita. Na ya pili yake. Mama akauliza, nikasema huenda chipu ni mbovu, si unajua vitu vya chaja.

"Basi usijilaumu, baba," akasema. "Umejaribu. Wenzako hata kujaribu hawawezi."

Aliniita baba. Afadhali angenichapa.

Ndipo mdogo wangu akachuchumaa mbele ya boksi, akainua mkono juu kama nilivyofanya, akaamuru kwa sauti yake yote: "Tokeni!" Akasubiri. Akanigeukia. "Kaka, hawanisikii mimi. Waambie wewe. Wewe wanakutii."

Nikashindwa. Nikamwambia mama yote palepale, volyumu, makofi, muwa, joto, mpaka na uongo wa chipu mbovu. Mama alichukua yai moja akalipasua kwenye ukingo wa boksi. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, manyoya yameshaota, shingo tupu kama ya yule tetea wa bibi.

Nilijiandaa. Mama akikasirika huacha Kiswahili, anahamia Kinyaturu, na hapo huwa najua mvua itanyesha na itakatika. Hakuhama. Aliyabeba mayai yote kwenye kile kikapu, akayafukia kwenye shamba la alizeti, akarudi ananawa mikono. Nilikuwa nimekaa jikoni kwenye kigoda chake. Nikainuka haraka nikampisha. Hakukaa. Alikitazama kigoda, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Bibi yako naye alikuwa anatania. Lakini alikuwa anakirudisha."