Siku Nilipofungua Kaunta ya Maktaba

Wakati ule vita vilikuwa vimesukuma watu wa Kibumba hadi Goma, na chuoni kwetu walikuwapo wanafunzi wa kila pembe ya jimbo. Mimi, mkutubi mwenye maneno mengi, niliombwa niwafundishe kutumia maktaba. Nikasimama mbele ya kaunta, nikahubiri kwa Kifaransa habari za kadi, namba na rafu. Wote waliandika. Nilipokohoa, nadhani waliandika na kikohozi.

"Basi vitabu ni vyenu," nikamaliza. "Kuna swali?"

Wakaliandika na hilo. Nilikasirika, sifichi. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akainuka.

"Papa," akaniita, kama tuwaitavyo baba zetu, "haiko swali, ni shida." Kazi yake ya kumaliza masomo, juu ya viazi vya Kibumba, ilitakiwa lundi, yaani Jumatatu, na siku ile ilikuwa vendredi, Ijumaa. "Fomu za majibu ya balimaji ba viazi nilikimbia nazo, nimezifunga mu kikwembe, hiki kitambaa ninachovaa. Lakini kaye, daftari yangu ya nota za vitabu, ilibakia ku nyumba, kule Kibumba. Bila kutaja vitabu, balimu batakatala travay yangu, hii kazi yote. Nitapoteza mwaka."

"Sasa umekaa unaandika nini? Ingia utafute!"

"Niingie wapi, Papa? Kaunta imefungwa."

Nikageuka. Kweli ilikuwa imefungwa. Kwetu mwanafunzi haendi kwenye rafu: huandika jina la kitabu kwenye kikaratasi, humpa mkutubi, kisha hungoja. Ndivyo walivyolelewa tangu sekondari, nami nikiwa mmoja wa waliowalea. Nilikuwa nimewapa vitabu kwa mdomo huku nimevifungia nyuma ya mgongo wangu! Aibu ilinishika, halafu nikacheka. Nikainua kibao cha kaunta kinachoziba njia.

"Ingieni wote! Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtafutieni dada yenu viazi!"

Lo, wacha! Kijana wa Butembo, mtoto wa wafanyabiashara, akaenda moja kwa moja kwenye vitabu vya masoko. Yule wa Masisi, aliyekulia kwenye ng'ombe, akaleta kitabu cha samadi na kuanza kubishana nacho kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Msichana wa Vitshumbi, kwa wavuvi, alipekua kadi kwa vidole vyepesi, kama anachagua samaki, akiita namba kwa sauti na wenzake wakizikimbilia. Kazi ya kunyamazisha watu ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Kufikia saa sita mchana, mwenye viazi alikuwa amezungukwa na vitabu, analia na kuandika kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Lundi alipeleka kazi yake, ikapokelewa. Majuma machache baadaye alirudi na nakala moja ya kazi yake, iliyotengwa kwa ajili ya maktaba, ikiwa na jalada la buluu. Nikanyoosha mkono kuipokea, kama ilivyo desturi yetu.

Akanisalimu, akanipita, akainua kibao mwenyewe na kwenda kuiweka kwenye rafu. Hakuniomba ruhusa.