Sweta la Kijani Kwenye Picha ya Darajani

Meno yangu ya mbele hayakuvunjwa na wale tuliowakimbia Burundi. Yalivunjwa na wakimbizi wenzangu, mchana, ndani ya darasa la miti na udongo pale Katumba nchini Tanzania, huku mwalimu akiwasihi waniache.

Mwalimu huyo tulitoka naye komini moja, kama tarafa, kule Burundi. Alipovuka Ziwa Tanganyika na kushukia Ikola alikuwa na mtoto mgongoni na kopo la maziwa ya unga mkononi. Ndani ya kopo mlikuwa na filamu. Padri mmoja mzungu aliipiga kwa kujificha nyuma ya dirisha la misheni, siku watu wetu walipouawa darajani, akaisafisha mwenyewe iwe ya kumulikwa ukutani, kisha akampa mwalimu aitoroshe. Mtumbwi uliingiza maji, na kopo nalo likaingiza. Mwalimu akalitunza hivyo hivyo mpaka tukahamishiwa Katumba, tukagawiwa msitu, tukaufyeka, tukajenga.

Watoto walipokua kidogo wakaanza kuuliza. Wangu aliniuliza babu yake yuko wapi, nikamjibu amekufa. Sikumwambia kwamba babu yake alifungwa viwiko kwa waya nyuma ya mgongo, akalazwa kifudifudi barabarani na wenzake, na vijana wenye marungu wakapita juu yao wakipiga vichwa kama wanaopura maharage. Nilikuwa ndani ya matete. Baba alikuwa wa mwisho mwisho, kwa hiyo aliyasikia yote kabla ya zamu yake.

Mwalimu alisema haifai watoto wakue hawajui. Akaipeleka filamu kwa mpiga picha mmoja wa Mpanda mjini, Mnyamwezi aliyezoea kupaka rangi picha za harusi. Wakailoweka kwenye maji ya mvua, wakaibandua taratibu, wakaianika kivulini. Sehemu kubwa ilikuwa imeoza. Vipande vilivyopona wakavikata picha moja moja, wakazibana kati ya vioo ili zimulikwe ukutani. Lakini zilikuwa za kijivu na madoa, na mwalimu akahofia watoto watadhani ni mambo ya wakati wa Wajerumani. Ndipo mpiga picha akachukua brashi nyembamba na rangi zake, akazipaka zote.

Kabla ya wanafunzi, tuliitwa sisi wazazi tuzione kwanza. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, mashine ya kumulikia picha ikavuta umeme kwenye betri ya gari. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya asubuhi haijatoka mwilini, na mimi nilivaa sweta la kijani nililogawiwa kwenye mitumba ya msaada, nguo za kafa Ulaya.

Picha ya kwanza ilikuwa lori limejaa watu. Ya pili, watu wale wale wamelala chini, na damu imepakwa nyekundu mbichi mpaka ukingoni mwa barabara. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akatapika kwenye kanga yake. Ya tatu ilikuwa ya kijana aliyeinua rungu, mguu wake umekanyaga shingo ya mtu. Uso wake ulikuwa umeliwa na ukungu, limebaki taya na sikio. Alivaa sweta la kijani.

Jirani yangu, ambaye shamba lake linapakana na langu, aligeuka akanitazama. Wanawe wote waliishia kwenye daraja lile.

"Hilo sweta umelitoa wapi?"

"Nimegawiwa, kama wewe ulivyogawiwa hilo koti."

"Geuza uso. Tuone taya."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni uchungu tu unamsemesha. Ngumi ya kwanza ikaniingia mdomoni. Mwingine akasema nilikuwa mpelelezi tangu ziwani, mwingine akanivuta kwa shingo ya sweta mpaka nikaanguka chini ya benchi. Wakanikanyaga. Nilisikia ubavu ukikatika, sauti kavu, kama ya kuni. Mtu akachukua mguu wa benchi akanipiga nao kwenye taya, na nilipofumbua macho nikaona ukutani yule kijana bado ameinua rungu lake juu yetu sote. Mke wangu alijilaza juu yangu. Wakampiga na yeye.

"Kijani nimeweka mimi," mpiga picha akawa anasema. "Filamu haina rangi, jamani. Kijani ndicho kilichonibakia, nikakipaka."

Hawakumsikia. Basi akachomoa kioo, akakipasua kwenye ukingo wa meza, akaitoa picha na kuisugua kwa mate na kidole gumba, damu ya kidole chake ikichanganyika humo. Akairudisha mashineni. Sweta la ukutani likawa la kijivu, lenye mabaka.

Waliokuwa karibu na ukuta ndio waliotangulia kushusha mikono. Jirani yangu aliniachia wa mwisho.

Zahanati walinifunga taya kwa kitambaa, nikanywa uji kwa mrija wa mpapai. Mwalimu alikuja kuniambia atazichoma picha zote. Nilimwandikia kwa kijiti mavumbini: usichome, futa rangi. Mpiga picha akazifuta, ila nyekundu ilikuwa imekwisha kunywewa na filamu, haikutoka. Hivyo ndivyo watoto walivyoonyeshwa picha hizo, kijivu na damu. Mmoja alimuuliza mwalimu ni nani huyo aliyeshika rungu, naye akawajibu kwamba hatumjui.

Mahindi yangu yalikauka shambani, sikuweza kuinua mkono. Asubuhi moja jirani akatokea na panga. Mke wangu akaokota mchi akasimama mlangoni. Yule bwana akapita bila kutugeukia, akaingia shambani, akaanza kukata mabua na kuyalaza mafungu mafungu. Jua lilipokuwa kali nikamfuata.

"Nilitaka yule wa kwenye picha awe mtu," alisema, akiendelea kukata. "Tangu siku ile ya darajani sijapata hata mmoja wao wa kumshika."

"Ukanishika mimi."

"Ndiyo. Nikakushika wewe."

Siwezi kusema nilimsamehe pale. Taya lilikuwa bado linauma, na panga lake lilinitisha kila liliponyanyuka. Nilikaa kwenye fungu la mabua, nikaanza kumenya mahindi kwa mkono mmoja. Alikata mpaka mpakani, akavuka kwenda kwake.