Mimba Yangu ya Kwenye Tableti

Majina ya watu wote wa siku ile ninayo kichwani, mpaka la mume wa yule binti wa tableti, lakini siyaandiki. Tunapishana kila asubuhi Grande Barrière, pale mpakani.

Walitafutwa wanawake wanaovusha bidhaa kwenda Goma, wapewe meza katika soko jipya lenye paa. Karoti zangu zilikuwa zimenyeshewa miaka yote. Meza ile niliitaka kuliko meno mapya.

Binti wa kuandikisha akaja nyumbani na tableti. "Mukecuru," akaniita, yaani bibi kizee, "unavukaka mupaka?"

"Hapana."

Ndivyo tulivyozoea mpakani: mtu wa karatasi akikuuliza kitu, unaanza na hapana, halafu ndipo unamtazama usoni.

"Bon, asante. Imekwisha."

"Imekwisha namna gani? Jirani yangu ulimukalia saa nzima!"

"Ule alisema ndiyo. Ukisema ndiyo, inafungua maswali ingine. Ukisema hapana, inaruka mpaka mwisho."

"Basi rudisha nyuma, mutoto wangu. Mi navukaka tangu mama yako hajaota meno."

Akarudisha. Sasa lile neno 'ndiyo' nikalishika kwa mikono miwili. Unauza mboga? Ndiyo. Karoti? Ndiyo. Kabichi? Ndiyo, ingawa kabichi ni za jirani. Unavuka na mtoto mgongoni? Ndiyo, nimebeba saba, hakuuliza lini. Una mimba?

"Ndiyo."

Binti akainua macho. Tableti haikushangaa, ikauliza miezi mingapi.

"Mukecuru!"

"Andika miezi mine. Usinikatie maswali."

Akacheka hadi kidole kikateleza, fomu ikaenda. Kuirudisha, hairudi. Akaahidi kuwaeleza wakubwa wake. Nikakaa wiki mbili bila raha: bibi mwongo nani atampa meza?

Orodha ikabandikwa sokoni. Kama aliwaeleza, basi tableti ilisikilizwa kuliko yeye. Jina langu lilikuwa juu kabisa: meza ya mlangoni, ya wajawazito, pamoja na kiti. Mlinzi akatazama kitambulisho changu, akatazama tumbo, akarudia kitambulisho.

"Mukecuru, hii ni yako kweli?"

"Meza ao mimba?"

Akanipisha.

Kule nyuma kabisa, karibu na choo, nikamkuta jirani yangu, yule wa saa nzima, amesimama na kabichi zake, mimba yake mwezi wa saba. Yeye kwenye swali la mimba alisema hapana. Kwetu mimba haitangazwi kwa mgeni, na kitenge kilimsaidia kuificha. Hapana yake ikamtupa hadi chooni.

"Kuja ukae," nikamwambia.

"Na mulinzi?"

"Yeye anatafuta mimba mezani. Utamupatia."

Tangu hapo yeye anakaa kitini na mimba yetu, mimi nasimama na karoti kavu na kabichi zake, ambazo sasa nauza kweli. Tumekubaliana pia: tableti ikirudi, yeye aendelee na hapana yake. Ya mimba nitajibu mimi.