Kioo Kilichopakwa Mafuta ya Mgando

Niliupaka mafuta mtambo wetu wa kupashia maji kwa jua. Siyo nati, siyo bawaba. Kioo. Kile kioo cha juu kinachopitisha jua nilikiosha, nikakifuta, halafu nikakipaka mafuta ya mgando kwa viganja viwili, kama mtoto anayeandaliwa kwenda misa.

Nijitetee kidogo. Hapa Songea Juni ikifika, baridi inakuparua mpaka magoti yanakuwa ya kijivu. Ukitoka kuoga bila kujipaka, mama anakuuliza umeoga maji au unga. Sasa kioo kimeshaoga, kimekauka, kimepauka. Ningefanyaje?

Mtambo wenyewe ni sanduku la mbao lenye bomba jeusi lililojiviringisha ndani. Mjomba wa Madaba alituazima. Kazi yake ni kuyapasha maji mchana, ili jioni jiko la mkaa limalizie tu. Mama haamini vitu vya bure. Kila jioni alijaza mkaa kwenye kopo la rangi, akachemsha maji ya kuoga ya nyumba nzima, kisha akachungulia kilichobaki. Sharti lake lilikuwa fupi: matumizi ya mkaa yasipopungua hadi Jumapili, mjomba aje achukue sanduku lake. Na anayetumwa mkaa ni mimi, kiroba kichwani, kilima chote kile, wasichana wa darasani wakiniangalia. Nililipenda sanduku lile kuliko mwenye nalo.

Siku za mwanzo kopo lilibaki nusu. Nikapata kiburi, nikataka ufanisi zaidi. Mwalimu wa fizikia alishatufundisha kwamba kinachong'aa hurudisha mwanga, ila siku hiyo nilikuwa nachekesha dawati la nyuma.

Barabara yetu ya Mjimwema ina vumbi jekundu, na bodaboda hazipumziki. Vumbi likaona mafuta, likahamia. Kufika Ijumaa kioo kimeota koti. Kopo likaisha, mama akajaza jingine.

Akapanda kwenye stuli, akapitisha kidole juu ya kioo, akaninyooshea. Kidole chekundu, kinanukia mafuta yake.

"Nini hiki?"

"Mafuta, mama."

"Kilikuwa kinaumwa?"

Jumamosi asubuhi nilikisugua kwa sabuni na maji ya moto, na mkaa wa kuchemshia maji hayo mama aliuandika upande wangu, kichwani mwake, ambako hakuna kifutio. Jua likawaka mchana kutwa. Jioni kopo likabaki nusu na kaziada.

Jumapili mjomba, ambaye mama alishamwita tangu Ijumaa, akaja na kamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nasikia umekipaka mafuta. Na soksi je, ulikivalisha?"

Alikuwa ameshaanza kulegeza bomba mama alipotoka jikoni na kopo lake. Akamwonyesha kaka yake mkaa uliobaki, akasema:

"Kaka, sanduku liache, linafanya kazi. Kama lazima urudi Madaba na mzigo, mfunge huyu."